UZI: Balehe inaanzia kichwani, na homoni inayomrefusha kijana ndiyo hiyo hiyo inayomfungia urefu

Pambazuko

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu naomba mvumilie, nimeuandika vipande vipande wiki nzima. Kilichonisukuma ni kijana wa dada yangu, ana miaka 14 na nusu, juzi nimemkuta amejifungia chumbani analia kwa sababu wenzake wote sauti zimeshakuwa nzito, wengine wameanza kuota ndevu, na yeye bado anaonekana mtoto. Akaniuliza mjomba mimi nina kasoro gani. Swali lile lilinichoma kwa sababu niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe nikiwa na umri huo huo na hakukuwa na mtu wa kunijibu, nilikuwa wa mwisho kwenye mstari kila tukipangwa kwa urefu na nilikaa hivyo mpaka nilipokaribia miaka 16. Basi nikakaa nikasoma, nikauliza madaktari ninaofahamiana nao, na hiki ndicho nilichokielewa.

Wengi tunadhani balehe inaanzia huko chini, kwamba korodani au ovari zikishakomaa zinaanza kazi zenyewe. Sivyo. Hizo zipo tangu mtoto anazaliwa, zimekaa zinasubiri amri, na amri inatoka kwenye ubongo. Kuna sehemu ndogo sana chini kabisa katikati ya ubongo inaitwa haipothalamasi, hiyo inatoa homoni fupi ya amino asidi 10 tu, jina lake la kifupi ni GnRH, inateremka hatua chache mpaka kwenye tezi ya pituitari ambayo ina ukubwa wa punje moja ya njegere. Pituitari ikiipata inamwaga kwenye damu homoni mbili, LH na FSH, hizi ndio zinasafiri mpaka kwenye korodani au ovari na kuziamsha, korodani zinatoa testosteroni, ovari zinatoa estrojeni. Na mnaona LH na FSH ni zile zile kwa mvulana na msichana, tofauti ni zinakofikia.

Sasa kuna jambo hapa lilinishangaza sana. GnRH haitoki mfululizo kama maji ya bomba, inatoka kwa mapigo, inamwagika kidogo, inanyamaza, baada ya saa moja au saa moja na nusu hivi inamwagika tena. Muundo wake ulishafahamika mwanzoni mwa miaka ya 1970, akina Andrew Schally na Roger Guillemin walipewa Nobel mwaka 1977 kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata kundi la Ernst Knobil kule Pittsburgh likaonyesha kwa nyani ambao GnRH yao ilikuwa imeondolewa kwamba ukiwapa kwa dripu mfululizo bila kukata, LH na FSH zinashuka, ila ukiwapa pigo moja kila saa zinapanda kama kawaida. Yaani mwili unasikiliza mdundo. Ukipiga kelele bila kupumzika unaziba masikio. Na mpaka leo dawa wanayopewa watoto waliobalehe mapema mno inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, wanapewa kitu kinachofanana na GnRH lakini kinachokaa muda wote, pituitari inaacha kusikia, balehe inasimama.

Nitarudi na sehemu ya urefu, naomba msiniwahi.

Mdadisi_wa_zamani

Mkuu somo zuri. Ila swali, kama kila kitu kipo tayari toka kuzaliwa sasa ubongo unasubiri nini miaka yote hiyo? Nani anauambia muda umefika?

Pambazuko

Swali zuri sana na ndilo lililowasumbua wataalamu miaka mingi. Kwanza ujue mfumo huu umewahi kuwaka tayari. Miezi ya mwanzo ya uchanga homoni hizi zinapanda kweli kweli, kwa mtoto wa kiume testosteroni inapanda mpaka inakaribia ya kijana anayebalehe, kisha ubongo unaufunga mfumo na unakaa umefungwa miaka yote ya utoto. Kwa hiyo balehe tunayoijua ni mfumo kufunguliwa mara ya pili.

Nani anafungua? Kuna seli za ubongo zinazotoa kitu kinaitwa kisspeptini, hizo ndio zinazigusa seli za GnRH na kuziambia pigeni. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 na watu waliokuwa wanatafiti saratani kwenye mji wa Hershey, Pennsylvania, wakaipa jina la chokoleti za Kisses zinazotengenezwa mji huo, hawakuwa na wazo lolote kwamba ina uhusiano na balehe. Mwaka 2003 makundi mawili tofauti yakakuta familia ambazo baadhi ya watu wake hawakubalehe kabisa, wakachunguza wakakuta kasoro iko kwenye kipokezi cha kisspeptini, yaani pale kwenye seli panapopokea ujumbe wake. Kufuli likapatikana.

Na huyu kisspeptini naye anasikiliza taarifa za mwili mzima. Kubwa mojawapo ni leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili. Kazi yake ni kama kuutaarifu ubongo kwamba akiba ya nguvu ipo. Watu wachache duniani wanaozaliwa bila leptini hawabalehi mpaka wapewe. Ndio maana binti mwenye mazoezi makali mno na mwili umekonda sana anaweza kuchelewa au hedhi ikakata, na upande wa pili mabinti wenye uzito mkubwa wengi wao wanawahi. Leptini haianzishi balehe yenyewe, inatoa ruhusa tu. Ndivyo inavyoelezeka pia kwamba Ulaya ya kaskazini katikati ya karne ya 19 mabinti wengi walikuwa wanavunja ungo karibu na miaka 16 au 17, na leo wastani uko kati ya 12 na 13. Lishe na afya zilibadilika na ubongo ukaona ruhusa mapema.

MamaSita

Asante kaka. Mimi nina binti wa miaka 7, kwapa limeanza kunuka kama la mtu mzima na kuna vinyweleo viwili vitatu huko chini. Matiti hayana dalili yoyote. Nimekosa usingizi wiki mbili. Hii ndio balehe ya mapema?

Nesi_wa_zamu

Dada MamaSita naomba nikujibu hapo maana ni kazi yangu. Juu ya kila figo kuna tezi inaitwa adrenali, hii nayo ina saa yake tofauti kabisa na hiyo ya ubongo anayoeleza mwenye uzi. Kuanzia miaka 6 hadi 8 tezi hizo zinaanza kutoa homoni dhaifu za jamii ya androjeni, yaani zile za kundi moja na testosteroni, ndio zinaleta harufu ya kwapa, mafuta usoni, chunusi kidogo na baadae nywele. Hiyo peke yake sio balehe. Balehe yenyewe kwa msichana tunaihesabu kuanzia titi, kile kidonge kigumu chini ya chuchu, mara nyingi kinaanza upande mmoja na mama anakuja amepagawa anadhani ni uvimbe mbaya. Kawaida ni kati ya miaka 8 na 13. Kwa mvulana tunahesabu kuanzia korodani kukua, kati ya miaka 9 na 14.

Ila kwa vile wako ana nywele na hajafika miaka 8 mpeleke tu akaonwe mara moja, apimwe urefu na ikibidi eksirei ya mkono, ili kuhakikisha adrenali haizalishi kupita kiasi. Wengi tunakuta hakuna shida. Ukiona anarefuka ghafla kwa kasi kuliko wenzake usingoje.

Na wazazi wa wavulana nisikieni, binti akiwahi mara nyingi hatukuti sababu yoyote, lakini mvulana akibalehe kabla ya miaka 9 tunatafuta sababu kwa bidii, mara nyingi zaidi kunakuwa na kitu ndani, uvimbe au tatizo la adrenali. Usifurahi tu kwamba mwanangu amekuwa dume mapema.

MamaSita

Mungu akubariki dada. Tutaenda.

Pambazuko

Ahsante sana Nesi, hapo umenisaidia. Narudi kwenye urefu sasa, na hapa ndipo penye roho ya uzi huu.

Mtoto kabla ya balehe anaongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, polepole. Kazi hiyo inafanywa na homoni ya ukuaji kutoka pituitari hiyo hiyo pamoja na homoni ya tezi ya shingoni. Homoni ya ukuaji inatoka zaidi usiku kwenye usingizi mzito wa mwanzo, inafika kwenye ini, ini linatoa homoni nyingine inaitwa IGF-1, na hizi mbili zinafanya kazi kwenye mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, ukipiga eksirei unaliona kama mstari mweusi, hapo ndipo mfupa unapoongezeka, seli zinajipanga kama mafungu ya sarafu, zinavimba, zinageuka mfupa, zinasukuma ncha iende mbele.

Balehe ikianza, testosteroni na estrojeni zinaenda kuichochea pituitari itoe homoni ya ukuaji kwa wingi zaidi, mara mbili hata tatu ya mwanzo. Hapo ndipo kijana anaruka. Binti kwenye kilele chake anaongezeka sentimita 8 au 9 kwa mwaka, kwa kawaida akiwa karibu na miaka 12, mvulana 9 au 10 akiwa karibu na 14. Na mpangilio wao haufanani kabisa. Binti anaruka mwanzoni mwa balehe, matiti yakichomoza tu na urefu nao unaanza mbio. Mvulana anaruka katikati kuelekea mwishoni, korodani zinaanza kukua kimya kimya, mwaka unapita au zaidi ndio urefu unafuata. Ndio maana darasa la watoto wa miaka 12 wasichana wanawapita wavulana kimo na wavulana wanajisikia vibaya bila sababu. Ile miaka miwili ya ziada ambayo mvulana anakua polepole kabla ya kuruka, pamoja na kilele kikubwa kidogo, ndio inazaa tofauti ya kama sentimita 13 kati ya wanaume na wanawake wakishakuwa watu wazima.

Na mwili haukui wote kwa pamoja. Nyayo na viganja vinatangulia, kisha miguu na mikono, kiwiliwili kinafuata mwisho. Kile kipindi kijana anajigonga kila mahali na kuangusha vitu sio uzembe, mwili umebadilika vipimo, acheni kuwagombeza.

Sasa nani anasimamisha? Zamani ilidhaniwa kwa mvulana ni testosteroni. Mwaka 1994 madaktari Marekani wakachapisha habari za mwanaume wa miaka 28, urefu sentimita 204 na bado alikuwa anaongezeka, mifupa yake kwenye eksirei ilikuwa ya mtoto wa miaka 15. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha. Tatizo lake ni kwamba vipokezi vya estrojeni havikufanya kazi. Hapo ndio ikawa wazi, estrojeni ndiyo inayofunga gegedu kwa wote, mwanamke na mwanaume, kwa sababu mwanaume naye sehemu ya testosteroni yake inageuzwa kuwa estrojeni na kimeng'enya kinaitwa aromatasi. Estrojeni ikiwa kidogo inasaidia kurefusha, ikizidi na kukaa muda inalimaliza gegedu mpaka linageuka mfupa mtupu. Mlango ukishafungwa haufunguki, hakuna dawa, hakuna mazoezi.

Kwa hiyo aliyechelewa kubalehe hajapoteza urefu. Gegedu lake bado liko wazi. Na aliyewahi sana, yule aliyekuwa mrefu kuliko wote akiwa na miaka 9, asipoangaliwa anaweza kuishia mfupi kuliko wote, maana alianza mbio mapema na akafungiwa mapema.

Jabali_la_kaskazini

Mkuu unazunguka sana, urefu ni kurithi tu. Baba mfupi mama mfupi unategemea nini?

Pambazuko

Kaka sikatai, kurithi ndio sehemu kubwa. Madaktari wana hesabu yao, chukua urefu wa baba na wa mama, kwa mvulana ongeza 13, kwa binti toa 13, gawa kwa 2. Baba 170 na mama 158, mvulana anatarajiwa karibu 170 na nusu. Lakini hiyo ni katikati tu, watoto wa wazazi hao hao wanaweza kutofautiana sentimita 8 au zaidi juu au chini na wote wakawa wa kawaida. Na usisahau kwamba muda wa kubalehe nao unarithiwa. Muulize baba alianza kunyoa lini, muulize mama alivunja ungo lini. Marehemu mzee wangu nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, akaniambia aliendelea kurefuka mpaka akiwa na miaka 19. Angeniambia nikiwa na 15 ningelala usingizi.

kijana17

Shikamooni wakubwa. Mimi nina 17, urefu 163. Nimeona mtandaoni vidonge vinaitwa vya homoni ya ukuaji, na jamaa wa jimu amesema anaweza kunichoma sindano nijaze mwili. Pia naning'inia kwenye chuma kila asubuhi. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Pambazuko

Marahaba mdogo wangu, na nashukuru umeuliza kabla.

Vidonge achana navyo. Homoni ya ukuaji ni protini, mnyororo wa amino asidi 191, ukiimeza tumbo linaikatakata kama chakula kingine chochote, haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Ndio maana ile ya kweli ni sindano, na inatolewa kwa mtoto aliyepimwa na kukutwa na upungufu au hali chache zinazojulikana. Miaka ya nyuma ilikuwa inakamuliwa kutoka kwenye pituitari za maiti, mwaka 1985 Marekani wakaisimamisha baada ya baadhi ya waliopewa kupata ugonjwa wa ubongo unaoua, ndio ikaja inayotengenezwa maabara. Nakwambia hivi ujue si kitu cha kuchezea. Na ikizidi sio neema, Robert Wadlow wa Marekani alifika sentimita 272 kwa sababu pituitari yake ilizidisha, alitembea na vyuma miguuni, akafa mwaka 1940 ana miaka 22 kwa maambukizi yaliyoanzia pale chuma kilipomchubua.

Sindano za jimu nyingi ni jamii ya testosteroni. Rudia nilichoandika juu. Mwilini sehemu yake inageuka estrojeni, estrojeni inafunga gegedu. Kama bado ulikuwa na sentimita kadhaa mbele yako unazichoma mwenyewe. Tena ubongo ukiona testosteroni imejaa kutoka nje unaacha kupiga mapigo yake, LH inashuka, korodani zinasinyaa. Kuning'inia hakudhuru, kunanyoosha mgongo kwa muda, jioni umerudi pale pale.

Ningekuwa wewe ningetafuta eksirei ya mkono wa kushoto na kiganja. Daktari anaisoma anakwambia mifupa yako ina umri gani. Kama bado iko wazi una muda, kama imefunga unajua na unaacha kupoteza hela zako.

Sio_leo

Naomba niongeze kwa uchungu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 13, baba alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto hakui, akampeleka mahali fulani wakamchoma testosteroni kila wiki mbili karibu mwaka mzima, hakuna aliyempiga eksirei, hakuna aliyempima kitu. Mwaka ule alirefuka mpaka tukafurahi, tukapiga na picha. Kisha akasimama. Sasa ana miaka 20 na mimi dada yake nimempita. Hakuna anayelizungumza nyumbani.

Nesi_wa_zamu

Pole sana Sio_leo. Nisieleweke vibaya, testosteroni ni matibabu halali kwa mvulana aliyechelewa na anayeteseka nafsi, lakini dozi ni ndogo, ni miezi michache, mara nyingi 3 hadi 6, anaanzishwa akiwa amefika miaka 14 hivi baada ya vipimo, na umri wa mifupa unafuatiliwa. Lengo ni kuuchokoza mfumo wake uamke. Dozi ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 13 mwaka mzima ni kitu kingine kabisa.

Baba_wa_watatu

Samahani naomba niulize kitu ambacho kijana wangu hataki hata nimtajie mama yake. Ana 13, ana uvimbe kama titi upande wa kulia, unauma akiguswa.

Nesi_wa_zamu

Baba mwambie ni kawaida kabisa, karibu nusu ya wavulana au zaidi wanapata. Mwanzoni estrojeni inakuwa juu kidogo ukilinganisha na testosteroni, inalingana baadae. Inaondoka yenyewe ndani ya miezi 6 mpaka miaka 2. Ikiwa kubwa sana, ikitoa majimaji, au kama balehe haijaanza kabisa, mlete. Na tafadhali asivue shati mbele ya wenzake kwa kulazimishwa, wavulana wanaumia sana na hili na hawasemi.

Tausi_mweupe

Na kwa wasichana? Binti yangu alivunja ungo miezi 8 iliyopita, akipata mwezi huu anaruka mwezi ujao. Na je ndio amefika mwisho wa urefu?

Pambazuko

Dada yangu, hedhi ya kwanza inakuja kama miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya titi kuchomoza, maana yake ile mbio kubwa ya urefu imeshapita. Wengi wanaongezeka sentimita 5 mpaka 7 baada ya hapo. Kuhusu kuruka, miaka miwili ya mwanzo mara nyingi yai halitoki kila mwezi. Ili yai litoke inabidi estrojeni ipande mpaka iusukume ubongo umwage LH kwa mkupuo mmoja mkubwa, na huo ufundi ubongo wa binti mdogo unaujifunza polepole. Kwa umri wake siku 21 mpaka 45 kati ya hedhi na hedhi zinakubalika. Ikipita miezi mitatu hajaona, au damu inatoka nyingi mpaka anaishiwa nguvu, huo sio wa kusubiri.

usiku_mkuu

Nimesoma uzi wote mara mbili. Nina miaka 22. Sijawahi kuota ndevu, sauti yangu kwenye simu naitwa dada. Nilijua ndivyo nilivyoumbwa. Kuna mtu anajua kama umri huu bado inawezekana?

Pambazuko

Ndugu yangu kwanza asante kwa kuandika, najua sio rahisi. Nikuulize kitu kinachoonekana hakihusiani. Unasikia harufu? Kitu kikiungua jikoni unakisikia kwa pua?

usiku_mkuu

Hapana. Tangu mtoto. Umejuaje?

Pambazuko

Seli za GnRH hazizaliwi kwenye ubongo. Mtoto akiwa bado tumboni zinaanzia puani, zinasafiri zikifuata njia ile ile ya mishipa ya kunusa mpaka zinaingia ubongoni. Kuna watu ambao safari hiyo inakwama, kwa hiyo mtu anazaliwa hasikii harufu na ubongo wake hauna wa kupiga ule mdundo. Franz Josef Kallmann aliieleza mwaka 1944 na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Siwezi kusema kwa hakika ndio yako, mimi sio daktari na kuna sababu nyingine, ipo ya kromosomu pia. Lakini nenda kwa daktari bingwa wa homoni, mwambie mambo yote mawili kwa pamoja, la balehe na la pua, maana ukisema moja tu wanaweza wasiunganishe. Vipimo vya kwanza ni damu ya asubuhi, LH, FSH na testosteroni. Kama ndiyo, korodani zako zimekaa tu zinasubiri amri kama nilivyoandika mwanzo wa uzi. Testosteroni inatolewa na mwili unabadilika hata ukiwa na 22, hata 30. Na siku ukitaka mtoto kuna sindano nyingine za kuamsha mbegu. Inachukua muda lakini kwa wengi inawezekana. Usiikalie.

usiku_mkuu

Miaka yote hii. Nitaenda jumatatu.

Nesi_wa_zamu

Nenda kaka. Na uombe pia wakupime uimara wa mifupa yako, kukaa bila homoni hizi muda mrefu kunaidhoofisha, nayo inatibika.

Wazazi mnaosoma kimya kimya, alama za kutokungoja ni hizi, mvulana amefika 14 korodani hazijakua, binti amefika 13 titi halijaanza, au amefika 15 hajaona hedhi. Sio kwamba lazima kuna ugonjwa, wengi ni wachelewaji tu wa kifamilia, lakini wale wachache tunawapata kwa njia hiyo.

Mdadisi_wa_zamani

Pambazuko vipi yule kijana wa dada?

Pambazuko

Wakuu naleta mrejesho, tumetoka hospitali wiki iliyopita. Nilimwambia dada nitampeleka mimi, kuna mambo mtoto wa kiume hawezi kuyasema mama akiwa pembeni. Daktari alikuwa mpole sana, akamtoa hofu kwanza, akamuuliza kuhusu pua pia, anasikia harufu vizuri. Eksirei ya mkono ikasema mifupa yake ina miaka 12 na nusu, yaani iko nyuma miaka miwili nzima, gegedu liko wazi kila kidole. Kisha daktari akatoa ule uzi wa shanga kubwa kubwa za mbao wanaotumia kulinganisha ukubwa wa korodani, shanga zimeandikwa namba kuanzia mililita 1 hadi 25, balehe inahesabiwa imeanza ukifika 4. Kijana ana 5.

Imeshaanza. Siku ile analia chumbani ilikuwa imeshaanza na hakuna aliyejua, hata yeye, kwa sababu dalili ya kwanza ya mvulana hakuna mtu anayeiona. Daktari akasema hakuna dawa, warudi baada ya miezi 6 apimwe tena urefu. Njiani hakusema kitu mpaka tumekaribia nyumbani ndio akaniuliza, mjomba na wewe ulikuwa na ngapi? Nikamwambia mimi hakuna aliyenipima.

Jana dada kanipigia kwa jambo lingine kabisa, katikati ya maongezi akalalamika kwamba viatu vya shule alivyomnunulia muhula uliopita tayari vinambana vidole.

Nesi_wa_zamu

Nyayo zinatangulia.